Roketi ya Ngomeni na shimo jeusi la kwanza

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1970 Wakenya walikuwa katika shamrashamra za Jamhuri, miaka saba kamili tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe. Siku hiyo hiyo, muda mfupi kabla ya saa nane mchana, roketi ndogo ya Kimarekani aina ya Scout ilinguruma juu ya jukwaa la chuma lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, mkabala na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Walioiwasha ni Waitalia. Kichwani ilibeba chombo cha kilo 140 na ushei, ambacho kwenye majalada ya NASA kilikuwa kimeandikwa SAS-A. Kilipotulia kwenye mzingo wake kikapewa jina ambalo wanaastronomia wanalitaja hadi leo, wengine wao bila hata kujua ni neno la lugha gani: Uhuru.

Aliyelichagua ni Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, kwa heshima ya sikukuu iliyoangukia siku ile na kwa kuwashukuru Wakenya kwa ukarimu wao. Townsend mwenyewe alikuwa na historia yake. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, na wa kwanza kukabidhiwa usimamizi wa mradi wa setilaiti pale NASA.

Ningependa kuandika kwamba habari hii inajulikana vyema pwani. Haijulikani. Muulize kijana wa kidato cha nne, awe wa Malindi au wa Mombasa, akutajie darubini za angani. Atakuambia Hubble, na kama ni mfuatiliaji wa mitandao atakuongezea James Webb. Mtajie Uhuru, atadhani umeanza siasa.

Kila wiki tunaletewa picha mpya za galaksi na taarifa za sayari zinazozunguka nyota nyingine, nasi tunazipokea kama barua iliyoandikiwa jirani. Lakini tawi zima la elimu hii, lile lililowaongoza watu hadi kwenye shimo jeusi la kwanza kutambuliwa, lilipata chombo chake cha kwanza cha kudumu angani kutoka kwenye maji ambamo wavuvi wa Ngomeni hutupa nyavu.

Anga isiyoonekana kutoka chini

Eksirei wengi wetu tunaijua ya hospitali: hupenya nyama, hukwama mfupani. Kwa hiyo inashangaza kidogo kusikia kwamba hewa hii tunayovuta huizuia kabisa. Eksirei inayotoka kwenye nyota haifiki ardhini. Angahewa huimeza yote, makumi ya kilomita juu ya vichwa vyetu, na tushukuru kwamba ndivyo ilivyo. Jenga darubini kubwa upendavyo kwenye kilele cha Mlima Kenya, hutaiona. Kifaa lazima kitolewe nje ya hewa.

Jaribio lililofungua njia lilifanyika Juni 1962. Riccardo Giacconi, Mtaliana mzaliwa wa Genoa aliyekuwa amehamia Marekani, alirusha roketi na wenzake kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na vifaa vya kuhesabu eksirei. Shabaha iliyoandikwa kwenye maombi ya fedha ilikuwa mwezi. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa dakika sita hivi, kisha ikaanguka. Mwezini hakikuonekana chochote cha maana, ila upande wa kundi la nyota la Nge kulikuwa na kitu kinachomwaga eksirei kwa wingi usioelezeka. Kikaitwa Scorpius X-1. Jua letu pia hutoa eksirei, lakini lingewekwa umbali ule, vifaa vile visingehisi lolote.

Kwa miaka minane iliyofuata watafiti waliendelea kurusha roketi za namna hiyo. Kila moja iliwapa dakika tano, sita, za kutazama. Unatumia mwaka kuandaa kifaa, unakitazama kikipaa, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu, vingi havijulikani vizuri viko wapi, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni vitu gani. Giacconi alikuwa ameng'ang'ana muda wote huo na hoja moja: kinahitajika chombo kitakachokaa huko huko juu, kikipekua anga mchana na usiku.

Kwa nini Ngomeni

Hapa anaingia Mtaliana wa pili. Luigi Broglio alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, na wakati huo huo jenerali wa jeshi la anga. Desemba 1964 kikosi chake kilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia kutoka Wallops, Virginia, kwa roketi ya Kimarekani. Broglio hakutaka kubaki mgeni wa kudumu Virginia. Alitaka uwanja wake, tena kwenye ikweta. Akapata jukwaa lililokuwa la kuchimbia mafuta, likaitwa Santa Rita, na jingine la kurushia roketi, San Marco. Yote mawili yakasimamishwa kwa miguu ya chuma kwenye maji ya kina kifupi mbele ya Ngomeni, takriban nyuzi 3 kusini ya ikweta. Wenyeji hadi leo mahali hapo hupaita San Marco. Setilaiti ya kwanza kupaa kutoka hapo, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967.

Faida ya ikweta si siri. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na hapa kwenye kiuno chake ardhi hukimbia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki huanza safari na mwendo huo mkononi, bila kuchoma hata tone la fueli. Kwa Scout, roketi ndogo ya ngazi nne, msaada huo haukuwa wa kudharau. Na mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vikidondoka havimwangukii mtu.

Ila kwa Giacconi sababu kubwa ilikuwa nyingine, na huwa haitajwi sana. Usumaku wa dunia umenasa chembe nyingi zenye nishati kali, zimetuzunguka kama mkanda. Juu ya Brazil na Atlantiki ya Kusini mkanda huo hushuka chini zaidi kuliko kwingine. Setilaiti ya eksirei ikipita hapo hupigwa na chembe nyingi kiasi kwamba haiwezi kutofautisha mnong'ono wa nyota na kelele hizo. Ukitaka kulikwepa eneo hilo, kaa juu ya ikweta na usipande sana. Mzingo wa Uhuru ulikuwa kwenye kimo cha kati ya kilomita 520 na 560, ukiinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, na kuumaliza mzunguko mmoja kulichukua dakika 96. Kutoka Florida, nyuzi 28 kaskazini, kuufikia mzingo wa namna hiyo kungedai roketi kubwa na ghali zaidi kuliko Scout.

Ndivyo ilivyotokea Wamarekani wakawakabidhi Waitalia chombo chao wakirushe kutoka bahari ya Kenya. Tulichaguliwa na jiografia. Ukarimu ulikuja baadaye, kwenye jina.

Kisanduku kisicho na kioo

Anayeisikia darubini hufikiria kioo au lenzi. Uhuru haikuwa na kimojawapo. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyopeana mgongo, kila kimoja kisanduku cha gesi ya agoni chenye dirisha jembamba la madini ya berili, ukubwa wake sentimita za mraba 840. Eksirei ikipenya dirishani hugonga gesi, ikazalisha mshtuko mdogo wa umeme, na mshtuko ukahesabiwa. Mbele ya kila kisanduku palipangwa vijibomba vya chuma vilivyozuia miale ya pembeni, ili kiingie kile tu kinachotoka kwenye ukanda mwembamba wa anga. Upande mmoja uliona ukanda wa nusu nyuzi, mwingine wa nyuzi 5.

Chombo chenyewe kilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12. Chanzo cha eksirei kikiingia kwenye ukanda, hesabu hupanda, kikitoka, hushuka. Ukijua wakati ule chombo kilielekea wapi, unajua chanzo kiko wapi. Baada ya muda mhimili unasogezwa kidogo, na kazi inaanza upya kwenye ukanda mwingine. Hakuna urembo hapo, ila ni mashine iliyofanya kisichowezekana kwa roketi: iliurudia upande uleule wa anga tena na tena. Siku moja ya Uhuru ilikuwa na muda mwingi wa kutazama kuliko roketi zote za miaka minane zikijumlishwa.

Na katika kurudia ndiko lilikotokea jambo kubwa.

Nyota iliyozidi kuongeza mwendo

Januari 1971, wiki chache tu baada ya Uhuru kupaa, Ethan Schreier, Harvey Tananbaum na wenzao wa kundi la Giacconi huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa wanapitia vipimo vya chanzo kilichoitwa Centaurus X-3. Hesabu za eksirei zilikuwa zinapanda na kushuka kwa mpigo usiobadilika: kila sekunde 4.8. Wakati huo pulsa za redio, yaani nyota zinazopiga kwa mawimbi ya redio, zilikuwa zimekwisha kujulikana, tangu Jocelyn Bell alipoigundua ya kwanza mwaka 1967. Wakadhani wamepata ndugu yao. Wakakiamuru chombo kipunguze kasi ya kujizungusha ili kikikodolee macho chanzo hicho kwa muda mrefu zaidi.

Kadiri walivyokikodolea ndivyo kilivyozidi kuwachanganya. Kilikuwa kinazimika. Kila baada ya siku 2.1 eksirei hukatika kwa karibu nusu siku, kisha hurudi. Tena mpigo wenyewe haukuwa sekunde 4.8 zilezile daima. Ulifupika na kurefuka kidogo, na mabadiliko hayo nayo yalijirudia kwa siku zile zile 2.1. Hapo mafumbo mawili yakajibiana. Kitu kinachotusogelea, mapigo yake hukaribiana. Kinachotukimbia, mapigo huachana. Basi Centaurus X-3 ilikuwa inazunguka nyota nyingine, mara inakuja upande wetu, mara inakwenda, na kila mzunguko inapita nyuma ya nyota hiyo na kufichwa.

Lililobaki ndilo lililobadilisha elimu. Pulsa za redio hupoteza mwendo taratibu kwa sababu hulipia mwanga wao kwa nguvu ya kujizungusha. Centaurus X-3, miezi ilivyopita, mpigo wake ulizidi kuwa wa haraka. Kwa hiyo haikuwa inatumia akiba, ilikuwa inalishwa. Gesi ilikuwa inanyonywa kutoka kwenye nyota kubwa iliyo jirani na kumwagikia nyota ya nyutroni, masalia ya nyota iliyokwisha kulipuka. Nyota ya nyutroni ina uzito unaozidi wa jua lakini upana wake ni kilomita 20 hivi. Ukingo mmoja ukiuweka Malindi, wa pili utakuwa Watamu. Kitu kinachoangukia mzigo uliobanwa namna hiyo hufika chini kikiwa na karibu nusu ya mwendo wa nuru. Kinapogota hupata joto la mamilioni ya digrii, na kitu chenye joto hilo hung'aa kwa eksirei.

Kilo moja ya gesi ikianguka hivyo hutoa nishati zaidi ya mara kumi ya ile ambayo ingetoa kama ingeunguzwa kwa nyuklia ndani ya jua. Kabla ya hapo wanaastronomia wengi waliuona mvutano kama kamba tu: kitu kinachozishika sayari zisitoroke. Kutoka Centaurus X-3 na mwenzake Hercules X-1, anayepiga kila sekunde 1.24, ikadhihirika kwamba kuanguka ndicho chanzo kikali kuliko vyote vya mwanga wa anga. Mitambo mikubwa inayong'aa katikati ya galaksi za mbali huendeshwa kwa utaratibu huo huo, ila kwa vipimo vikubwa mara mamilioni.

Kile kisichopiga

Cygnus X-1 haikuwa na mpigo. Ilitetemeka ovyo, eksirei zikibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba chanzo ni kidogo mno, kwani kitu kipana hakiwezi kubadilika chote kwa mara moja haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka.

Shida ilikuwa kukijua ni kipi hasa. Uhuru ilionyesha eneo, si nukta, na ndani ya eneo hilo mna nyota nyingi. Msaada ukatoka kwa wenye darubini za redio. Katika majira ya machipuko ya 1971 paliibuka chanzo kipya cha redio hapo hapo, wakati ule ule Uhuru ilipoona eksirei za Cygnus X-1 zimebadilika. Redio hupima mahali kwa usahihi mkubwa, na mahali penyewe palikuwa na nyota ya buluu iliyoorodheshwa zamani kwa jina la HDE 226868. Nyota ya kawaida kabisa ya aina yake, isiyo na sababu yoyote ya kutoa eksirei.

Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton peke yake huko Toronto, waliipima nyota hiyo wakaikuta inayumba: inakuja na kurudi kila siku 5.6, ikizungushana na mwenzi asiyeonekana. Hesabu ya uzito wa mwenzi huyo ilizidi kile ambacho nyota ya nyutroni inaweza kustahimili bila kujiporomokea. Hakukuwa na jina jingine la kumpa ila shimo jeusi. Mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974, yeye akishikilia kwamba si shimo jeusi. Alisema ilikuwa bima yake, ili kazi yake ya miaka yote ikipotea apate angalau dau. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa shimo hilo uzito wa majua 21, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 7,000 kutoka kwetu.

Uhuru iliendelea na kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Sitavipitia, ila kundi moja lafaa kutajwa. Katika mikusanyiko ya galaksi, ile ya Coma, Perseus na Virgo, Uhuru ilikuta eksirei hazitoki kwenye galaksi bali kwenye nafasi iliyo kati yake, mahali palipodhaniwa ni patupu. Pamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na gesi hiyo ukiipima ni nzito mara kadhaa kuliko nyota zote za mkusanyiko. Gesi ya moto hivyo ingekuwa imetawanyika zamani, kama si kushikiliwa na mvutano wa kitu kingine kizito tusichokiona. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa amekwisha kudai mwaka 1933 kwamba Coma ina maada ya giza, na wengi walimpuuza. Eksirei zilimrudishia heshima yake.

Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Kabla ya hapo, mwaka 1981, alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore inayoendesha Hubble, na ni katika taasisi hiyo, wakati wa uongozi wake, ulikofanyika mkutano wa mwaka 1989 wa kujadili darubini ya kurithi Hubble hata kabla Hubble haijarushwa. Mrithi huyo ndiye James Webb, iliyopaa Krismasi ya 2021 kutoka Kourou, French Guiana. Nayo ni pwani iliyo karibu na ikweta.

Tukiwa kwenye majina: mwaka 2019 Shirikisho la Kimataifa la Astronomia liliziomba nchi zichague majina ya nyota na sayari zake. Kenya ikatoa Kalausi kwa nyota na Buru kwa sayari, yote kutoka Kijaluo. Tanzania ikaita nyota yake Mpingo na sayari Tanzanite. Ni jambo zuri na watoto walilifurahia. Lakini ni jina unalopewa uliweke juu ya kitu kilichogunduliwa na mtu mwingine. Naliona pia ni pungufu, ukilinganisha na kile kilichoondoka hapa miaka 49 kabla yake.

Antena zinazosikiliza

Majukwaa ya Ngomeni yalirusha setilaiti tisa kwa jumla. Mbili kati ya zilizofuata Uhuru, SAS-2 ya mwaka 1972 na SAS-3 ya mwaka 1975, zilikuwa za familia yake. Waingereza nao walileta Ariel V mwaka 1974. Roketi ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo Scout ikastaafishwa, na majukwaa yakaachiwa kutu na ndege wa baharini. Mtu akisimama ufukweni akayatazama, ni rahisi kudhani hadithi iliishia hapo.

Haikuishia. Kituo cha nchi kavu, kinachoitwa sasa Kituo cha Anga cha Luigi Broglio, kina antena zinazoendelea na kazi. Setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hupita juu ya Malindi mara nyingi kwa siku, na kila inapopita humwaga chini ilichokusanya. BeppoSAX ya Waitalia, iliyosaidia kuthibitisha mwaka 1997 kwamba milipuko ya miale ya gama hutoka kwenye galaksi za mbali mno, ilituma vipimo vyake hapa. Swift, iliyorushwa mwaka 2004, huvituma hapa. NuSTAR ya mwaka 2012 vilevile.

Na IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, ambayo hupima namna eksirei zinavyotikisika upande mmoja zaidi ya mwingine. Mei 2022 IXPE iliikabili Cygnus X-1. Asilimia 4 ya eksirei zilikuwa zimelala upande mmoja, zikifuata mstari wa mkondo wa maada unaotupwa nje na mfumo huo. Kutokana na hilo watafiti waliweza kusema gesi ya moto inayolizunguka shimo imekaa vipi: imetandazwa juu ya sinia la gesi linaloanguka, haikusimama kama mnara. Kabla ya hapo maelezo yote mawili yalikuwa na wafuasi. Centaurus X-3 na Hercules X-1 nazo zilipimwa na IXPE mwaka huo huo. Yaani vitu vile vile vitatu vya 1971 vilichunguzwa upya nusu karne baadaye, na vipimo vikapitia pwani ile ile.

Wenye nyumba

Sasa swali ambalo watu wa Malindi na Magarini wamekuwa wakiliuliza miaka mingi, na wabunge kulibeba hadi Nairobi: sisi tumepata nini?

Jibu la haki lina pande mbili. Bila Waitalia pasingekuwa na kitu cha kuuliza swali. Walileta fedha, ujuzi na majukwaa, na kwa makubaliano mapya yaliyotiwa saini Trento, Italia, Oktoba 2016, mafunzo na upatikanaji wa data kwa Kenya vimeandikwa kwenye karatasi. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, ilitengenezwa kwa ushirikiano na Sapienza, chuo kile kile cha Broglio. Mwaka 2017 tukaanzisha shirika letu la anga, na tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ikapaa. Ilipaa kutoka California.

Upande wa pili ni kwamba kwa muda mrefu tulikuwa wenye nyumba, hatukuwa washirika. Tulikodisha pwani, tukashiba fahari ya jina, na hatukudai nafasi kwenye meza ya watafiti. Sidhani lawama ni ya Waitalia. Hakuna mpangaji anayemlazimisha mwenye nyumba aje kusoma vitabu vyake.

Vitabu vyenyewe viko wazi. Orodha ya Uhuru na vipimo vya Swift, NuSTAR na IXPE huwekwa na NASA kwenye intaneti bila malipo, na mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta ya kawaida na subira anaweza kuutafuta mwenyewe mpigo wa sekunde 4.8. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha pa kuanzia, na ukurasa mmoja katika kitabu cha fizikia cha sekondari unaosema jambo hili lilitokea wapi. Wizara haihitaji mkataba wa kimataifa kuuandika ukurasa huo.

Na mwalimu aliye Kilifi, Lamu au Tana asiusubiri. Jioni za Septemba, saa mbili usiku, watoe wanafunzi nje, watazame kaskazini, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Mojawapo ya nyota nyangavu hapo ni Deneb, ya kundi la nyota la Cygnus, yaani Batamaji. HDE 226868 iko kwenye shingo ya kundi hilo. Kwa macho matupu haionekani, lakini darubini ndogo ya mkononi na ramani ya nyota vinatosha kuipata. Waambie mwenzi wake ni shimo jeusi, na chombo kilichowaelekeza watu huko kilipaa Ngomeni.